Kipaza Sauti Pembeni mwa Kinywa
Yule ambaye riziki yake i katika simu, akizungumza tangu asubuhi hadi alasiri na watu asiowaona, aendapo dukani kununua hedifoni huuliza kwanza muziki husikikaje, ilhali anayeadhibika kwa chombo kibovu si mvaaji, bali ni yule wa upande wa pili, apokeaye pumzi, feni na, aghalabu, jogoo wa jirani. Basi mnunuzi na atazame kwanza kipaza sauti: kikae pembeni mwa kinywa, kadiri ya vidole viwili, wala kisielekee puani. Ama kiwango cha sauti, Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 za juma. Nami hupendelea hedifoni ya sikio moja, ili la pili limsikie mgeni apigaye hodi.