Ashauriye Juu ya Shamba la Mwenziwe



Twataka leo kuwaza pamoja nanyi juu ya swali moja. Mtu akiombwa shauri, akalitoa kwa nia njema, na baadaye shauri lile likaonekana kuwa limeleta madhara, je! mtu yule ana hatia, au hana? Swali hili lingeweza kutafutwa katika kazi nyingi, kazi ya mganga, ya mwamuzi, hata ya mwalimu wa kanisa ambaye watu humjia usiku na mambo ya nyumba zao. Lakini tumependa kulitafuta shambani, na hasa katika kazi moja isiyojulikana sana kwetu, nayo ni kazi ya bwana shamba wa magugu katika nchi ya jangwa.

Nchi tuitajayo ni Yuma, katika jimbo la Arizona, kusini-magharibi ya Marekani, mpakani mwa Mexico. Pamoja na bonde la Imperial lililo magharibi yake, upande wa California. Mvua ya mwaka mzima huko Yuma ni kama milimita 80 tu, na joto la kiangazi hupita digrii 45. Mtu apitaye angedhani kwamba hapana kitu kitakachoota. Lakini maji ya mto Colorado huletwa kwa mifereji. Na mwaka 1912 yalipitishwa katika handaki chini ya mto wenyewe, ili yafike bondeni upande wa pili. Tangu hapo jangwa limegeuka kuwa bustani, hata katika miezi ya baridi, Novemba hadi Machi, sehemu iliyo kubwa ya saladi na mboga za majani ziliwazo Marekani hutoka huko.

Basi maji yalipokuja, magugu nayo yalikuja. Mfereji hubeba mbegu zake kama ubebavyo maji, na mbegu nyingine zilikuwa zimelala mchangani zikingoja. Amwagiliaye saladi huyamwagilia na magugu, wala hawezi kuyanyima. Wakulima wengine huwa na werevu: huitia maji nchi tupu kabla ya kupanda, magugu yakaamka yakidhani wakati wake umefika, ndipo huyalima na kuyaua, kisha hupanda.

Katika nchi hiyo wako mabwana shamba ambao kazi yao ni magugu peke yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1914 iliagiza kwamba vyuo vikuu vya kilimo viwapeleke walimu kwa wakulima, na mishahara yao ilipwe kwa shirika la taifa, jimbo na wilaya. Kwa hiyo bwana shamba wa namna hii hauzi kitu. Wako pia washauri wengine wenye vyeti, nao ni wengi kuliko hao, lakini wengi wao huajiriwa na wauzaji wa dawa. Shauri lao halina bei, bali dawa ina bei. Hatusemi kwamba ni watu wabaya. Twasema tu kwamba ni vigumu mtu yule kumwambia mkulima, “Mwaka huu usinunue kitu.”

Tena yafaa tujue jinsi shauri la magugu lilivyo gumu, tusije tukahukumu upesi. Mganga humwona mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Bwana shamba wa magugu mara nyingi hutakiwa kusema siku ya kupanda, wakati ambapo hapana gugu lionekanalo. Na dawa ziwezazo kuua magugu katika saladi pasipo kuiua saladi yenyewe ni chache sana. Mojawapo ya hizo husafiri na maji. Ikipigwa siku ya kupanda, kisha mabomba ya kunyunyizia yakafunguliwa mchana na usiku ili mbegu zipoe na kuota, maji huishusha dawa chini kuliko mahali mbegu za magugu ziliposinzia, na magugu huota juu yake kana kwamba hapakupigwa kitu. Mabwana shamba wa Yuma walipopima jambo hili mashambani, waliona kwamba yafaa kungoja siku chache baada ya maji ya kwanza. Dawa ni ile ile, fedha ni zile zile, tofauti ni siku chache tu. Mkulima akikosea hapo, hasara ni yake. Mshauri akikosea, hasara ni ya mwingine, naye mwisho wa mwezi hupokea mshahara wake kamili.

Hata neno lenyewe “gugu” si jepesi. Sisi tuliolelewa kwa jembe twaujua ukoka, tumeukata na kuung'oa, nao hurudi. Yuma wako wakulima waupandao ukoka makusudi, wakauvuna mbegu na kuziuza. Na jirani yao, ng'ambo ya mfereji, hutafuta dawa ya kuumaliza. Vivyo hivyo uko mmea wa jangwa hilo ulio wa ukoo mmoja na mchicha wetu. Wenyeji wa kale wa nchi ile walikula majani yake na mbegu zake. Leo ni adui anayeogopwa sana na wakulima wa pamba wa Marekani, maana mmea mmoja wa kike huweza kutoa mbegu mamia ya maelfu. Na kabla ya mwaka 2010 ilikwisha kuthibitika katika jimbo la Georgia kwamba iko mimea yake isiyokufa kwa glaifoseti, dawa iliyokuwa ikitegemewa kuliko zote. Haikuwa ajabu. Watu walishauriwa kutumia dawa ile ile mwaka kwa mwaka, kwa kuwa ilikuwa rahisi na ilifanya kazi; iliyokufa ikafa, na ichache iliyosalimika ndiyo iliyozaa. Na chavua ya mmea huo huruka na upepo. Aliyeshauriwa ni mkulima mmoja, lakini aliyepata mchicha usiokufa ni jirani yake pia, ambaye hakuomba shauri lo lote.

Hapo ndipo swali letu linapoanza kuuma. Lakini liko jambo zito zaidi.

Ilikuwapo dawa iitwayo DCPA. Iliandikishwa Marekani mwaka 1958, nayo ikatumiwa miaka mingi katika mashamba ya vitunguu, kabichi na brokoli, kwa kuwa ilizuia mbegu za magugu zisiote, na zao lenyewe halikudhurika. Vizazi vya mabwana shamba waliitaja kwa moyo mweupe. Karatasi yake ilisema kwamba watu wasiingie shambani kwa muda wa saa 12 baada ya kuipiga. Mwaka 2009 nchi za Umoja wa Ulaya ziliiondoa. Mwaka 2013 idara ya Marekani ilindayo mazingira iliwataka watengenezaji walete uchunguzi juu ya dawa hiyo na ile tezi iliyo shingoni, ambayo nguvu zake huukuza ubongo wa mtoto angali tumboni. Uchunguzi uliotakiwa ulifika mwaka 2022. Nao ulionyesha, kwa wanyama waliopimwa, kwamba mtoto aliye tumboni hudhurika kwa kipimo kidogo ambacho mama mwenyewe hakimdhuru. Tarehe 6 Agosti 2024 idara ikaisimamisha dawa hiyo mara moja, kwa amri ya dharura ambayo mfano wake haukuwa umeonekana kwa karibu miaka 40. Ikasema kwamba katika mazao mengi hatari hukaa shambani siku 25 au zaidi.

Saa 12 na siku 25! Katikati ya hesabu hizo mbili walisimama watu. Kila siku ya majira ya mboga, kabla ya mapambazuko, maelfu ya wafanya kazi huvuka mpaka kutoka San Luis upande wa Mexico, wakipanda mabasi waende mashambani kukata, kupunguza mimea, na kupalilia. Na wanawake wamo. Mwanamke mwenye mimba aliyeingia katika shamba la brokoli siku ya tano hakuvunja sheria yo yote, wala mwajiri wake hakuivunja, wala bwana shamba aliyeitaja dawa. Wote walifuata karatasi. Naye mtoto hakuwa na kinywa cha kuuliza.

Wako watakaojibu upesi: Mshauri hana hatia, maana hakujua. Na wengine watajibu upesi vile vile: Ana hatia, maana neno lilitoka kinywani mwake. Sisi hatuwezi kupokea majibu haya yote mawili jinsi yalivyo. La pili ni la ukali usio na haki. Kwa hesabu hiyo hapana mtu angethubutu kumshauri mwenziwe, na mkulima angeachwa peke yake na muuzaji. La kwanza ni jepesi mno. Maana kutojua si kwa namna moja. Bwana shamba wa mwaka 1970 hakujua, na waliokuwa na kazi ya kuchunguza hawakuwa wamemwambia; yeye twamwacha aende kwa amani. Lakini baada ya mwaka 2013 jambo lilibadilika. Jibu lilikuwa halijaja, lakini swali lilikwisha kuulizwa, tena na wale wenye mamlaka ya kuuliza, nayo Ulaya ilikwisha kuiondoa dawa. Miaka 9 ikapita swali likiwa wazi. Mtu aliyejua kwamba swali li wazi, akasema kama mtu ajuaye kwamba limefungwa, huyo hakudanganya kwa maneno yake. Alidanganya kwa sauti yake.

Twaona ya kuwa hapo ndipo hatia inapokaa, kama ipo. Bwana shamba hakupaswa kujua yale ambayo hayajajulikana. Alipaswa kumwambia mkulima kiasi cha ujuzi wake: “Dawa hii yazuia magugu vema, nimeiona. Juu ya wale watakaopalilia baada yake, liko swali ambalo halijajibiwa.” Maneno hayo ni machache, wala si ya kuogofya. Mkulima aliyeyasikia angeweza bado kuitumia dawa, lakini angeweza pia kuwaweka wengine katika shamba lile, au kungoja.

Ndugu mmoja aliyeyasoma mawazo haya kabla ya kupigwa chapa alitupinga. Alisema kwamba mshauri si mwenye shamba. Kazi yake ni kujibu aliloulizwa, na akianza kuwahesabu watu wote ambao hawakumwuliza hatamaliza. Neno lake lina nguvu, nasi hatukulijibu siku ile. Tumelifikiri tangu hapo. Mnaujua mfano wa ngano na magugu. Mara nyingi tumeuhubiri kana kwamba habari yake ni ya mwenye shamba na adui yake. Lakini wako watumwa pia, nao walikuwa ndio washauri. Shauri lao lilitoka katika bidii na moyo wa kweli. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba walipotazama shamba waliyaona magugu peke yake. Mwenye shamba aliiona na ngano iliyoshikana nayo mizizi. Basi hatusemi kwamba mshauri awahesabu watu wote wa dunia. Awahesabu wale ambao mizizi yao imeshikana na neno lake: apaliliaye, jirani aliye upande uendako upepo, na yeye atakayeikodi nchi ile msimu ujao apande tikiti au ngano, akute masalio ya dawa udongoni. Hao si wengi kiasi cha kutohesabika.

Lakini tusijifanye kwamba ukiiacha dawa umekuwa msafi. Dawa ikiondolewa, jembe hurudi, na jembe nalo lina habari zake. Katika mashamba ya California watu walilazimishwa kwa miaka mingi kupalilia na kupunguza saladi kwa jembe lenye mpini wa kama sentimita 30, wameinama tangu asubuhi hata jioni, hata migongo yao ikaharibika kabisa wangali vijana. Waajiri walisema kwamba mpini mrefu utaiharibu mimea. Na wafanya kazi walisema kwamba mpini mfupi ulimfaa msimamizi, maana aliyesimama wima alionekana mara moja kuwa amepumzika. Mwaka 1975 jembe lile lilikatazwa. Saladi ikaendelea kulimwa kwa mpini mrefu. Siku hizi ziko mashine zenye macho zipitazo katika matuta na kuyatofautisha magugu na mboga, lakini bei yake si ya kila mkulima. Kwa hiyo bwana shamba aulizwaye juu ya brokoli leo, DCPA ikiwa haipo tena, huulizwa pia, ajapokuwa hasikii, juu ya migongo ya watu.

Liko tendo moja la mabwana shamba hao ambalo limetupendeza kuliko mengine. Wamshauripo mkulima juu ya dawa, humwomba aache kipande kidogo cha shamba pasipo kuipiga. Bila kipande hicho hapana ajuaye kama dawa imefanya kazi, au kama magugu hayakuwapo mwaka ule tangu mwanzo. Wakulima wengi hawapendi. Kipande huota magugu mpaka magotini, nacho huonekana tangu barabarani, na wapitao hucheka kwamba fulani amekuwa mvivu. Lakini bwana shamba hurudi baada ya majuma matatu, akasimama mpakani mwa kipande kile pamoja na mwenye shamba, akahesabu magugu upande huu na upande huu, na mara nyingine huona kwamba pande zote mbili ni sawa, na kwamba shauri lake lilimgharimu mwenziwe fedha bure. Naye humwambia, pale pale, wakiwa wamesimama.