Bei ya Kinga

Ijumaa moja, siku ya mapumziko, katika chumba cha Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa Doha wenye wahamiaji tele, Wakenya wawili walikuwa wakibishana huku wakinywa chai ya rangi. “Ndugu yangu, tazama jicho tu. Kitu kama hicho kitajiunda chenyewe?” aliuliza wa Mombasa. Wa Kisumu akamjibu: “Jicho sawa. Na sikoseli je, nayo aliichora nani?”

Jawabu hilo ni zito kuliko lilivyosikika. Hoja ya wa Mombasa, ya kwamba viumbe vina Msanifu mwenye akili, ilivuma Marekani, hadi mwaka 2005 mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania ikaamua isifundishwe kama sayansi katika shule za umma za Dover. Hoja hiyo hupenda kuanzia kwenye vinavyostaajabisha, na vinavyouma huvipita.

Sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, ilichunguzwa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba jeni yake imeenea panapokithiri malaria, pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba nyanda za juu. Aliyerithi jeni moja hukingwa na malaria kali. Aliyerithi mbili huugua: chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na mifupa ikauma mpaka mtu akalazwa. Wazazi wote wawili wakiwa na jeni moja moja, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa ya mtoto mgonjwa. Jeni hiyo ipo hata jirani na Qatar, Qatif na Al-Ahsa, mashariki mwa Saudia, ambako nako malaria ilitamba zamani.

Mageuko yanaieleza hesabu hii bila kumlaumu yeyote. Palipo na malaria, wenye jeni moja huishi na kuzaa zaidi, nayo jeni hudumu ijapokuwa inaua. Lakini Msanifu wa kila kiungo, akisifiwa kwa kinga ya mtoto mmoja, atadaiwa pia mateso ya ndugu yake. Kwa hiyo anayemfanya Mungu fundi wa kila molekuli anaihatarisha imani kuliko anayekubali mageuko.

Linabaki swali kubwa: kwa nini uwepo ulimwengu wenye kanuni zinazoweza kuzaa uhai? Biolojia hailijibu, wala haikuahidi kulijibu. Hapo mwenye kuamini na aamini, bila kuidai sayansi stakabadhi.