Jenga Mbele ya Mlango Wako

Neno la Jumapili. Somo: Nehemia 3:1-32 na 6:15

 

Leo nina neno, na kabla ya neno nina toba. Najua mchungaji akisema anatubu, wengine hukohoa na wengine huangalia saa. Kohoeni tu, lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Nehemia sura ya 3 ni ile sura ambayo tukisoma Biblia kwa mwaka tunairuka. Si ndiyo? Ni majina matupu. Fulani mwana wa fulani alijenga hapa, na baada yake fulani akajenga pale. Miaka mingi nami niliiruka. Siku hizi naisoma polepole, kwa sababu nimegundua ile si hadithi, ni daftari. Ni daftari la watu wa kujitolea. Na daftari kama lile nimeliona kwa macho yangu, hapa hapa mtaani kwetu.

Wengi wenu mnakijua kile chumba cha mabati nyuma ya kwa mzee wa mtaa. Ndicho kituo cha watu wetu wa kujitolea. Ndani kuna benchi mbili, machela moja, sanduku la huduma ya kwanza, kamba, gambuti jozi sita, na daftari. Hakuna mwenye mshahara pale. Kuna mama anayeuza sukuma wiki, kuna fundi wa viatu, kuna vijana wa boda, kuna wahudumu wawili wa afya ya jamii. Kila mwezi hupita mlango kwa mlango wakiandika: nyumba hii ina mgonjwa wa kiharusi, hii ina mama mjamzito, hii ina mzee asiyeona anayeishi peke yake. Milango ile huwekewa alama nyekundu.

Sasa mkumbuke Aprili ya 2024. Mvua ilinyesha mpaka tukasahau jua. Jumanne ile alasiri, dada mmoja wa kituo, ambaye ni mshirika wa kanisa hili, alikuja ofisini kwangu. Akasema, "Pasta, mto umepanda. Tunaomba ufunguo wa ukumbi, usiku wa leo tu, tukihitaji tuwe na mahali pa kuleta watu."

Nikamjibu hivi: "Dada, zulia tumetandika juzi tu. Wacha Jumapili nikae na wazee wa kanisa tulizungumze."

Hakubishana. Alisema, "Sawa Pasta," akafunga mlango taratibu, akaenda.

Usiku huo, kuamkia Jumatano, Aprili 24, Mto Mathare ulivunja kingo zake. Mnakumbuka wenyewe. Maji yaliingia watu wakiwa usingizini, na stima ikapotea. Wale wa kituo hawakuanza kuulizana nani yuko wapi, kwa maana walikuwa na daftari. Walienda kwanza kwenye alama nyekundu, milango 14, kwa tochi na kamba. Kote nchini msimu ule watu zaidi ya 200 walipoteza maisha, na kuna nyumba za mtaa huu ambazo bado zinalia. Lakini katika milango ile 14 hakupotea mtu. Vitu vilienda na maji, watu wakabaki.

Mmoja wao alikuwa shosho wetu asiyeweza kutembea. Fundi wa viatu alimbeba mgongoni. Walipita hapa nje na kukuta geti letu limefungwa, wakaendelea kupanda hadi shule ya msingi, mvua ikiwapiga. Shosho alilazwa hospitalini siku tisa kwa homa ya mapafu.

Nilipoenda kumwombea, alinishika mkono akaniuliza, "Pasta, zulia letu halikulowa?"

Wapendwa, hakuwa ananikejeli. Habari ya ufunguo hakuijua. Aliuliza kwa moyo safi, kwa sababu kwenye zulia lile yeye pia alitoa sadaka yake. Nilimwambia, "Halikulowa, shosho," nikaomba haraka haraka nikaondoka. Nimeibeba siri ile tangu siku hiyo. Wiki iliyopita nilienda kwake nikamwambia yote. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi fungua."

Sasa rudini katika somo, mstari wa 5. Watu wa Tekoa walijenga, lakini wakuu wao walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi ya Bwana. Soma na mstari wa 27: wale watu wa kawaida wa Tekoa, ambao wakuu wao waliwaangusha, walimaliza kipande chao wakachukua na kipande cha pili! Nilikuwa nikihubiri mstari wa 5 nikiwaza wanasiasa. Roho Mtakatifu akaniuliza, "Na wewe ufunguo uko wapi?"

Angalieni mambo matatu katika ukuta ule.

La kwanza, kila mtu alikuja na ufundi wake. Mstari wa 8 unataja mfua dhahabu na mtengeneza manukato. Hawakuwa mafundi wa mawe hata kidogo. Mstari wa 12 unamtaja Shalumu akijenga pamoja na binti zake. Kwa hiyo usiniambie, "Pasta, mimi sina kipawa." Una boda? Una sufuria kubwa? Unajua kusoma na kuandika vizuri? Kituo kina kazi yako.

La pili, wengi walijenga mbele ya nyumba zao. Yedaya alijenga akielekeana na nyumba yake, Meshulamu akielekeana na chumba chake. Tunapenda kuombea mataifa, na tuyaombee. Lakini jirani yako wa ukuta mmoja anaitwa nani? Ana ugonjwa gani? Upendo usiojua mlango hautaupata gizani.

La tatu, kazi hufanywa kabla. Nehemia alizunguka ukuta usiku, akakagua mabomoko, kabla ya kuita mtu yeyote. Ukuta ukakamilika kwa siku 52. Daftari la kituo liliandikwa wakati wa jua, wakati sisi tulikuwa tunawaona wale vijana kama watu wasio na shughuli.

Mtu atasema, "Hiyo ni kazi ya serikali, au ya Msalaba Mwekundu." Ndiyo, serikali ina wajibu wake, na tuidai. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini walipewa mikoba ya kazi, na tunashukuru. Shirika la Msalaba Mwekundu nalo limekuwa nasi tangu 1965. Lakini hata huko, anayegonga mlango usiku mara nyingi ni mtu wa kujitolea, tena anatumia nauli yake na simu yake. Mtu huyo huchoka. Mtu huyo hulala njaa. Je, kanisa limewahi kumuuliza amekula nini?

Kwa hiyo tumeketi na wazee wa kanisa, na tumekubaliana. Ufunguo mmoja wa ukumbi tumeukabidhi kituo, na hautaombwa tena. Kila ushirika wa nyumbani utaandika daftari lake mwezi huu, na ole wake atakayegeuza ugonjwa wa mwenzake kuwa umbea. Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, kutakuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza hapa ukumbini. Ndiyo, juu ya zulia. Njooni na viatu vyenu vya matope.

Na wewe dada uliyesema "Sawa Pasta", unanisikia kutoka ulipoketi. Nisamehe.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa mageti tuliyofunga. Wape nguvu wanaokesha kwa ajili ya majirani. Ziinamishe shingo zetu, na mvua ijayo itukute mlango ukiwa wazi. Katika jina la Yesu. Amina.