Nguvu Hizi ni za Nani?

Watu wa rika langu tunapenda kusema, "Nimejitafuta mwenyewe mpaka nimejipata." Kwetu Peramiho kauli hiyo huja na vijana wanaorudi likizo kutoka Dar es Salaam. Kila nikiisikia, nawaza mitokondria.

Karibu kila seli ya mwili wako inazo. Humo, kilichobaki cha glukosi iliyotoka kwenye ugali huvunjwavunjwa, elektroni zake hupokezanwa hadi kwenye oksijeni, na safari hiyo husukuma protoni upande mmoja wa utando. Protoni zikirudi, hupitia kwenye kimeng'enya kinachozunguka kama gurudumu la kinu cha maji, nacho hutengeneza ATP, nguvu ambayo msuli huitumia kunyanyua jembe. Peter Mitchell, Mwingereza, alipotoa wazo hilo mwaka 1961 wengi walimpinga. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwili hauweki akiba kubwa ya ATP. Hutengenezwa na kutumika papo hapo, usiku na mchana.

Mitokondria zina DNA yake, na binadamu huirithi kwa mama. Mimi nililelewa na bibi mzaa baba. Mitokondria alizompa baba ziliishia kwa baba, hazikunifikia. Sasa bibi amezeeka, na ndugu wanabishana nani akamtunze. Mmoja alisema, "Ana mabinti zake, hao ndio wa tumbo lake."

Hoja hiyo inapima deni kwa mbegu. Lakini mitokondria nilizorithi hakuna aliyeamua kunipa. Kilichoungua ndani yake utoto wangu wote kilikuwa mahindi ya bibi, na hayo aliyalima, akayapukuchua na kuyapeleka mashineni kwa kuamua, siku baada ya siku.

Utaniuliza: mtoto hakuomba kulishwa, deni linatoka wapi? Kweli, bibi hakunikopesha. Ndiyo maana siwezi kumlipa nikamaliza, nikafunga daftari. Matunzo, kama ATP, ya jana hayatoshi leo.

Baiolojia haiwezi kuniamuru nimtunze. Inaniondolea uongo mmoja tu, kwamba nguvu hizi zilianza na mimi. Kabla sijajitafuta, kuna mtu alinitafutia. Zamu ya kwanza ya kukaa naye nimeichukua.