Mlango wa Ziwa

Tarehe 25 Agosti 1872 mpelelezi David Livingstone aliondoka Kwihara, kwenye tembe alimokuwa akisubiri wapagazi kutoka Pwani tangu mwandishi Stanley alipomwacha mwezi Machi. Novemba iliyotangulia, wawili hao walikwenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wakauona mto Rusizi ukiingia ziwani. Wenyeji walikwishamwambia mpelelezi Burton hivyo mwaka 1858. Hata hivyo, mwaka 1864 aliandika kwamba huenda Rusizi unatoka, maana alitamani ziwa lile liwe chanzo cha Nile.

Kinachoniuma ni kwamba Livingstone, aliyefunga safari kuhakiki Rusizi, aliendelea kuamini bila kuhakiki kuwa mto Lualaba unamwaga maji yake Nile. Akaenda kusini kutafuta chemchemi zake, akafia kijijini kwa Chitambo mwaka 1873. Wasaidizi wake Chuma na Susi walipoufikisha mwili wake Kwihara walimkuta mpelelezi Cameron, ambaye mwaka uliofuata alifika Lukuga, mto unaotoa maji ya Tanganyika kuyapeleka Lualaba, na hatimaye Kongo.

Kisa hiki cha kudhani maji yanakokwenda bila kuhakiki kinamhusu kila anayekokotoa mawimbi ya ziwa kwa kompyuta. Mwendo wa wimbi refu hutegemea kina: zidisha kina kwa mvutano wa dunia, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa kina cha wastani cha Tanganyika, kama mita 570, hupatikana kilomita 270 hivi kwa saa. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi. Kosa la hesabu lililofanywa Mpulungu, kusini, hufika Bujumbura, kaskazini, kwa saa mbili na nusu.

Sasa mtu anataka kukokotoa maji ya Kigoma tu. Analikata ziwa kaskazini na kusini, na pale alipokata anaweka ukuta, kwa kuwa ukuta ni rahisi kuandika kwenye programu. Wimbi linafika ukutani, linarudi Kigoma, linakutana na jingine, na nguvu iliyopaswa kwenda zake inabaki ndani ikirundikana. Michoro inapendeza, ila mawimbi yale hayajawahi kuwepo.

Mwaka 1976 mtaalamu Flather alipendekeza njia inayotumika hadi leo: mtiririko wa maji mpakani ufungamane na kimo cha maji hapohapo, ili wimbi linalotoka lipite. Linalokuja mshazari bado hurudi kiasi, ndiyo maana wengine huongeza ukanda wa kulififisha taratibu.

Na mlango wenyewe wa ziwa, yaani Lukuga, hubadilika. Stanley aliukuta Lukuga mwaka 1876 umezibwa na matope na mafunjo. Muda mfupi baadaye maji yalipasua kizuizi hicho, na ziwa likashuka mita kadhaa. Basi kiasi kinachotoka Lukuga kitokane na vipimo vya mto. Kisha sogeza mipaka uliyoikata mbali zaidi, kokotoa upya, ulinganishe kimo cha maji Kigoma. Majibu yakitofautiana, rudi mpakani kabla hujawapa watu wa bandari tarakimu yoyote.