Safari Yenye Tarehe ya Kurudi

Chukua ramani ya Afrika, weka rula juu ya Bunia, upime. Kwenda Kinshasa, makao makuu ya nchi yetu, ni karibu kilomita 1,800 kwa mstari ulionyooka. Kwenda Zanzibar, ng'ambo ya nchi nyingine kabisa, ni takriban 1,300. Kampala haifiki 300. Sisi watu wa Ituri tumezaliwa mahali ambapo mji mkuu wa jirani uko karibu, na hata Bahari ya Hindi iko karibu kuliko mji mkuu wetu wenyewe. Saa nazo zinatutenga: Bunia ikigonga saa sita za mchana, Kinshasa bado ni saa tano.

Nimeanza na vipimo kwa sababu nyumbani kwetu vimezua mjadala mrefu. Mama watoto amekuwa akiweka akiba katika likelemba, chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, ya wanawake wenzake wa sokoni, nami nimekuwa nikibana mshahara wa ualimu, ili kwa mara ya kwanza familia yetu itoke Bunia kwenda kupumzika. Kupumzika tu. Mimi nilisema twende Kinshasa. Yeye akasema Zanzibar.

Hoja yangu haikuwa nyepesi, na bado naiheshimu. Raia anayeishi pembezoni mwa nchi kubwa kama hii ana haki ya kuuona mji unaoamua mambo yake. Watoto wetu wanaimba wimbo wa taifa kila asubuhi, lakini Kinshasa wanaijua kwa televisheni tu. Nilitamani wasimame Limete, chini ya mnara wa Échangeur, mahali ambapo tarehe 30 Juni 2022 lilizikwa jino la Patrice Lumumba, baada ya Ubelgiji kulirudisha mwezi huohuo, miaka 61 tangu auawe. Nilitamani waingie katika makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa 2019, kisha waende ukingoni mwa mto waitazame Brazzaville ng'ambo, mji mkuu wa nchi nyingine unaoonekana kwa macho. Na rumba, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, waisikie ikipigwa pale ilipokulia. Mtoto wa Ituri asikue akidhani Kongo inaishia hapa jirani Komanda.

Kisha habari ikatoka nje ya ua. Jirani mmoja akaja jioni na bahasha: diploma ya mwanawe imekwama, ifuatiliwe. Mzee wa kanisani akaleta faili ya pensheni ya marehemu kaka yake, karatasi zimekunjika na kuwa laini kwa kushikwashikwa. Dada yangu akaandaa maharage na samaki wakavu kwa ajili ya shemeji yetu anayeishi huko. Kila mmoja alianza kwa maneno yaleyale: “Mwalimu, kwa kuwa unaenda Kinshasa…” Nikafungua daftari: jina upande wa kushoto, ofisi upande wa kulia, katikati fedha niliyokabidhiwa. Ukurasa ulijaa hata kabla hatujauliza bei ya tiketi. Usiku mama watoto akausoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini, kisha akaniuliza: “Baba watoto, na kupumzika umekuandika wapi?”

Siwalaumu majirani. Hakuna basi linalotoka Bunia likafika Kinshasa. Anayekwepa ndege atafika Kisangani kwa taabu, kisha apande boti na kushuka mto zaidi ya kilomita 1,700. Katika nchi ya namna hiyo kila msafiri huwa posta, tena huwa wakili. Ituri imekuwa mkoa unaojitegemea tangu 2015, lakini mihuri mingi bado iko kulekule. Ndiyo maana kwa mtu wa huku kwenda mji mkuu ni kwenda kufuatilia jambo: unasubiri kwenye mabenchi, unaambiwa urudi kesho, unawapigia simu walio nyumbani kuwaeleza kwamba bado. Nimewaona watu wazima wenye heshima zao hapa Bunia wakirudi kutoka huko wamechoka kuliko walivyoondoka.

Kampala nayo, iliyo karibu, haijaepuka hali hiyo. Tunaijua kwa soko la Owino na kwa hospitali. Mama watoto amekwenda mara nyingi kuchukua vitenge, na ukimwuliza mji ule ukoje atakutajia bei. Miji mikuu yote miwili, wa kwetu na wa jirani, tumezoea kuiendea tukiwa na shida mkononi.

Hapo hoja ya mama watoto ilianza kunishika. Zanzibar, alisema, hakuna ofisi inayotudai wala tunayoidai. Hakuna ndugu wa kupelekewa samaki. Hakuna atakayetutuma, kwa sababu hakuna mtu wa mtaani kwetu mwenye faili lililokwama kisiwani. Alitaka mahali ambapo kwa siku chache yeye asiwe mfanyabiashara, mimi nisiwe mjumbe wa mtaa mzima, na watoto watuone tukiwa tumekaa.

Hata hivyo kisiwa kile si mchanga mweupe tu, na sisi wa Ituri tuna sababu ya kukifikia tukiwa na kumbukumbu. Mwaka 1887, mvumbuzi Stanley alipokuwa akipita katika msitu wa Ituri kuelekea Ziwa Albert, alikuta kambi za wafanyabiashara wa pembe za ndovu, akina Ugarrowwa na Kilonga-Longa, waliokwisha kuweka mizizi humu. Mwaka huohuo Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, alifanywa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Misafara ile ilibeba pembe na iliteka watu, na kwa njia hiyohiyo Kiswahili tunachokisema leo sokoni kilipenya hadi kwetu. Tippu Tip alirudi kwao, akasimulia maisha yake kwa Kiswahili, akafa mwaka 1905, na nyumba yake ingali imesimama katika Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliutangaza urithi wa dunia mwaka 2000. Si mbali na hapo, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, limejengwa kanisa la Kianglikana.

Nataka wanangu wapafike pale. Wajue kwamba kuna watu wa bara walioiona bahari kwa mara ya kwanza wakiwa wamefungwa shingoni. Halafu wao, watoto wa bara hilohilo, wapande boti Dar es Salaam wakiwa na paspoti na kadi zao za chanjo ya homa ya manjano, wavuke kwa saa mbili hivi, washuke, wasalimie kwa Kiswahili waitikiwe kwa Kiswahili, na baba yao alipe malazi kwa fedha aliyoifanyia kazi. Sijui somo la historia lililo bora kuliko hilo. Mchana wakiogelea, wasikie pia kwamba wanaogelea wakiwa watu huru.

Lakini kuna swali zito kuliko la mji au kisiwa, na mama mkwe wangu ndiye aliyeliuliza, kwa upole, akichambua sombe: “Mwanangu, watu wako kambini, nanyi mnaenda kuangalia maji?”

Swali lake lina haki. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Februari 2022 watu waliokuwa wamekwisha kuyakimbia makwao walishambuliwa ndani ya kambi ya Plaine Savo, huko Djugu, wakauawa wapatao 60. Karibu kila ua Bunia umewahi kupokea ndugu aliyefika usiku na godoro kichwani. Katika mji kama huu, fedha ya kwenda pwani inaweza kuonekana kama fedha iliyoibwa kwa mwenye njaa.

Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, na jibu langu ni hili. Wajibu kwa ndugu hautenguliwi na likizo. Karo kwanza, dawa kwanza, mgeni aliyekimbia vita kwanza. Anayekopa ili akapige picha ufukweni amejidanganya, na anayemnyima ndugu chakula ili aonekane Zanzibar amekosa utu. Lakini vita vimetunyang'anya jambo jingine ambalo halihesabiwi katika magunia ya unga. Vimewafundisha watoto wetu kwamba kusafiri ni kukimbia. Safari wanazozijua ni za ghafla: sauti usiku, mlango, njia ya giza, kisha kuishi kwa watu bila kujua siku ya kurudi. Hata sisi wazazi tunatoka kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa biashara, kwa hofu. Mtoto wa namna hiyo ana haki ya kupata, japo mara moja, safari iliyotangazwa mapema, iliyohesabiwa siku kwa siku kwenye kalenda ukutani, yenye tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi, zote mbili zikiwa zimeandikwa na wazazi wake na si na mwenye bunduki. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa aliyewahi kukimbia, kujua kwamba utarudi nyumbani na kuikuta nyumba ni nusu ya mapumziko yenyewe.

Nilimweleza mama mkwe hivyo. Alinyamaza kidogo, akasema: “Basi nileteeni karafuu.” Nikaipokea kama baraka.

Vipo pia vikwazo vya kawaida, ambavyo kila familia lazima ivipime. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mfanyakazi mtu mzima angalau siku moja ya kazi ya likizo kwa kila mwezi kamili aliotumika, yaani siku 12 kwa mwaka. Ukienda Zanzibar kwa barabara kupitia Kampala na Dar es Salaam, na kurudi, sehemu kubwa ya siku hizo itakwisha ndani ya basi. Sisi walimu tunabebwa na likizo kubwa ya Julai na Agosti. Ndege inafupisha siku lakini inakula akiba. Na njia ya kutoka Bunia kwenda Mahagi, mpakani na Uganda, kuna wiki ambazo hakuna mzazi mwenye akili atakayewapitisha watoto huko. Kwa wengi wetu chaguo litaamuliwa na usalama na mfuko, si na moyo.

Kwa hao ninasema tunao ufuko wetu. Kutoka Bunia kwenda Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, barabara inapita Bogoro kisha inateremka ukuta wa bonde zaidi ya mita 600. Unaposhuka joto linapanda, na ghafla ziwa linajitandaza mbele yako: lina urefu wa kilomita 160, na vilima vya Uganda viko ng'ambo. Chini, mitumbwi inafika asubuhi, akina mama wanaingia majini hadi magotini na mabeseni kichwani, samaki mkubwa aina ya kapitene anaburutwa mchangani, mabishano ya bei yanaanza kabla hajaacha kupumua. Nimewaona watoto wa mjini wakivua viatu na kusahau kabisa kwamba waliahidiwa soda. Bogoro yenyewe ina kumbukumbu yake: Februari 24, 2003 raia wengi waliuawa hapo, kesi ikafika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na hukumu ikatolewa 2014. Kwetu hata njia ya kwenda kupumzika inapita makaburini. Hilo halitupasi kukaa ndani. Linatupasa kupita kwa heshima, kuwaeleza watoto yaliyotokea, na kuendelea hadi majini.

Sisi tumeamua. Tutakwenda Zanzibar, likizo kubwa ikifika na njia ikiwa shwari. Bahasha nimezirudisha moja moja kwa wenyewe, na fedha zao kamili, na kila mmoja nimemweleza sababu. Wengi wameelewa. Kinshasa tutaifikia siku nyingine, nayo tutaiendea kama raia wanaoutazama mji wao, si kama waombaji. Na kwa wanaotutawala nina ombi moja: diploma ya mtoto wa Bunia na pensheni ya mjane wa Mambasa vishughulikiwe hapahapa mkoani, ili siku moja mtu wa Ituri aweze kwenda makao makuu ya nchi yake kwa furaha tu.

Kwako msomaji, usinisikilize kuhusu kisiwa ikiwa mfuko wako hauruhusu. Nisikilize kuhusu tarehe. Chagua mahali, hata kama ni Kasenyi kwa siku moja, hata kama ni kwa bibi upande wa pili wa mji. Waambie watoto mapema lini mtaondoka na lini mtarudi, usibebe ujumbe wa mtu, kisha itimize ahadi hiyo kama unavyotimiza ya karo. Watoto waliofundishwa kukimbia wakiwa wadogo wanastahili wazazi watakaowafundisha pia kusafiri.