Cheti Changu, Zege la Kaka

Kaka yangu alinipigia simu saa tatu usiku. Sisi wenye kwetu Murusagamba na tunaoishi mbali, simu ya nyumbani ikiita saa hizo moyo unaruka kwanza, maana habari za usiku mara nyingi ni za msiba. Haukuwa msiba. Alitaka cheti changu.

"Mdogo wangu, ni kopi tu," alisema. "Kopi iliyogongwa muhuri wa wakili, na sahihi yako kwenye karatasi mbili tatu. Kazi naifanya mimi. Wewe hata kuja huna haja."

Kwa asiyeijua shughuli hii, nieleze kidogo. Hapa Tanzania, Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Na. 17 ya mwaka 1997, ndiyo inayosema nani aitwe mkandarasi. Ukitaka kazi hiyo unasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kwa upande wa majengo yako madaraja saba. La kwanza ni la wakubwa, wanaojenga maghorofa. La saba ndilo la kuanzia. Kaka hana makuu, anataka hilo la saba. Lakini hata hilo halipewi mtu kwa sababu tu anajua kushika mwiko. Kampuni lazima iwe na mtu aliyesomea ufundi, mwenye vyeti, anayesimama kama mkurugenzi wa ufundi. Kaka aliishia darasa la saba. Mimi nina diploma ya ujenzi. Basi akili yake ikafanya hesabu rahisi: mikono yake, karatasi yangu, kampuni moja.

Na hesabu hiyo ina haki ndani yake, ndiyo maana sikulala. Kaka amejenga kwa miaka 22. Nyumba za walimu, maduka, kanisa, na madarasa ya serikali kwa ule utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule inaunda kamati, kamati inanunua vifaa, na fundi wa hapo hapo kijijini analipwa ufundi. Mimi tangu nimalize chuo sijasimamia hata choo. Nauza vigae na rangi mjini Mwanza. Nikikwambia mara ya mwisho kushika kamba na timazi ilikuwa mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa pili, sikudanganyi.

Halafu kuna ada. Mwaka niliotakiwa kulipa ada ya mwisho, kaka alifyatua matofali kule bondeni, akachoma tanuri mbili, akauza zote, na pesa akaituma yote. Yeye mwenyewe alikuwa bado analala kwenye nyumba ya udongo. Kwa hiyo anaposema "cheti chetu", hakosei sana. Mama naye alipiga kesho yake asubuhi, sauti ya upole ile inayouma kuliko ukali: "Mwanangu, huyo ndiye aliyekusomesha. Karatasi iko kabatini, inakula nini?"

Swali la mama ndilo ninalojaribu kulijibu hapa. Karatasi iko kabatini, inakula nini? Kukiazimisha cheti kwa mtu anayeijua kazi kuliko wewe, dhambi yake iko wapi?

Wengi hawaoni dhambi. Nimesikia watu wanavyokodisha vyeti kama wanavyokodisha toroli: unatoa kopi, unapewa kitu kidogo kila mwaka, jina lako liko kwenye makaratasi na wewe uko zako. Hoja yao ni kwamba fundi anajua, ila mfumo unadai karatasi, basi unaupa mfumo karatasi. Na mimi nilianza kwa kukubaliana nao. Nilijiambia: nikimsaidia kaka, jengo halitabadilika hata kidogo. Tofali litakuwa lile lile, zege lile lile.

Neno "zege" ndilo lililonikamata.

Miaka michache nyuma nilikwenda likizo nikamkuta kaka akimwaga linta. Vijana wanachanganya chini, yeye yuko juu. Kila mara anapiga kelele: "Ongeza maji! Ongeza maji!" Na zege linashuka laini kama uji wa ulezi, linajipenyeza lenyewe kwenye nondo, linapendeza. Nikamwambia, "Kaka, maji yamezidi." Akacheka. "Zege kavu halipiti kwenye ringi, linaacha matundu. Hilo chuoni hamkuambiwa?" Hapo alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu zege gumu lisiposhindiliwa vizuri huacha matundu, na vijana wake wanalishindilia kwa kijiti. Lakini na mimi nilikuwa sahihi. Maji yanayozidi yale ambayo saruji inayahitaji hukauka baadaye na kuacha vinyweleo ndani ya zege, na nguvu inapungua. Macho hayaoni. Ukiligonga kesho yake, linalia vizuri tu.

Sasa jiulize: kwa nini miaka 22 haikumfundisha kaka jambo hilo? Si mjinga, kwa kichwa ananizidi. Ni kwa sababu uzoefu humfundisha mtu lile linalorudi kumdai. Ukuta ukipinda unauona, kesho unakuwa makini na timazi. Paa likivuja mwenye nyumba anakufuata hadi kilabuni. Lakini linta ya nyumba ya chini, iliyobeba kozi nne za tofali na bati, inaweza kuwa na nusu tu ya nguvu inayotakiwa na ikasimama hadi wajukuu. Haijawahi kurudi kumwambia kaka kwamba amekosea, na kwa hiyo, kwa upande wa uzoefu, hajakosea.

Mpaka siku inapoulizwa. Sisi wa Kagera tunayo tarehe: Jumamosi, 10 Septemba 2016, mchana. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga upande wa Bukoba na Misenyi, likaua watu zaidi ya 15 na kuangusha au kupasua nyumba kwa maelfu. Tetemeko ni mtahini anayekuja mara moja katika kizazi, na haangalii umejenga miaka mingapi. Mafundi wengi waliozijenga nyumba zile walikuwa wazoefu. Ila hakuna aliyekuwa na uzoefu wa siku ile.

Hapo ndipo nilipoelewa mafunzo ni ya nini, mimi niliyekaa darasani miaka mitatu nikidhani nakariri kwa ajili ya mtihani. Darasa la ujenzi ni mahali pa kurithi maanguko ya watu wengine. Kila kanuni mle ndani ina jengo lililoanguka nyuma yake. Ringi zikae karibu karibu kwenye maungio ya nguzo: kuna mahali nguzo zilikatika. Zege linyweshewe maji siku saba, lipimwe siku ya 28: kuna mahali walitoa mbao mapema. Hakuna binadamu anayeweza kuishi miaka ya kutosha kuyaona yote kwa macho yake, na akiyaona kwa macho yake, maana yake ni watu wamekufa chini ya kazi yake. Kumdai mtu asome kabla ya kupewa leseni ni kumwambia: jifunze kwenye vifo vilivyokwisha kutokea, usitafute vyako.

Basi, mtu atasema, kama elimu ndiyo hoja, wewe unayo, mpe kaka. Lakini nitampaje kwa kopi? Kopi haitapanda juu ya linta na kusema "maji yamezidi". Nikiwa Mwanza na vigae vyangu, elimu iko Mwanza. Kule Murusagamba litakuwepo jina tu.

Na sisi wa Ngara tunajua jina la mkandarasi linavyoweza kubaki bila mkandarasi. Benako, pale palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, palipata jina lake kutokana na kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyokuwa na kambi pale ikijenga barabara. Kampuni iliondoka, jina likabaki, watu wakazaliwa na kufa chini ya jina hilo bila kumjua mwenyewe. Kwa jina la mahali hakuna ubaya. Kwa jina lililoandikwa kwenye kibao mbele ya jengo, ubaya upo, kwa sababu kibao kile ni ahadi. Kinamwambia mpita njia: kikitokea kitu, huyu hapa.

Ahadi ya namna hii ni ya zamani kuliko bodi yoyote. Hammurabi, mfalme wa Babeli, karibu miaka 3,800 iliyopita aliandika kwamba nyumba ikianguka ikamuua mwenye nyumba, mjenzi auawe. Ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa mjenzi. Ni ukatili, hasa hilo la pili, na nashukuru hatuishi chini yake. Ila angalia kitu kimoja: sheria ile haimuulizi mjenzi cheti. Inamuuliza yuko wapi. Sisi tumegeuza. Tunauliza cheti kwanza, na mara nyingi hatuulizi tena mwenyewe yuko wapi.

Na vyeti peke yake havishiki ukuta. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, watu 36 wakafa. Ule haukuwa mji usio na wasomi wala ofisi za kutoa vibali. Kwa hiyo sisemi kaka ndiye hatari na wenye diploma ni malaika. Mwenye diploma asiyekuwepo ni hatari kubwa kuliko fundi asiye na diploma, kwa sababu fundi tunamuangalia kwa shaka, lakini karatasi inatulaza usingizi.

Nilipompigia kaka nikamwambia haya, kwa maneno mengine na kwa kigugumizi, alinyamaza kidogo. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo linanisumbua.

"Sawa. Usiponipa, nitaendelea kujenga madarasa yale yale, kwa maji yale yale, bila kibao. Umemuokoa nani?"

Sina jibu safi. Kweli, hapana yangu haikuimarisha linta hata moja. Mtu anaweza kukataa jambo baya akabaki amekunja mikono yake misafi, huku dunia ikiendelea vile vile. Hilo nalikubali. Lakini nilimjibu hivi: kaka, deni lako kwangu ni la kweli, nitalilipa hadi nizeeke. Ila ni deni la watu wawili, wewe na mimi. Nikikupa jina langu nikabaki huku, nimekulipa kwa mali ya mtu wa tatu. Huyo wa tatu ni mtoto wa darasa la pili atakayekaa chini ya linta ile, ambaye hakunisomesha wala sikumsomesha, na hakuna aliyempigia simu usiku kumuuliza.

Nikaongeza kwamba mambo mawili nayaweza. La kwanza, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa kazi yake, anaonyeshwa mapengo, anafundishwa hayo, anapewa cheti chake mwenyewe. Gharama nitatoa mimi, kama yeye alivyotoa matofali. La pili, akitaka jina langu, atanichukua na mwili wangu. Nitaomba ruhusa kazini, nitapanda basi, nitakuwepo siku ya msingi na siku ya linta, na siku hiyo mimi nikisema maji basi, ni basi.

"Yaani wewe," alisema, "niliyekufundisha kushika mwiko, uje unisimamie mbele ya vijana wangu?"

"Ndiyo, kaka. Na wewe utanifundisha tena mwiko, maana nimesahau."

Alikata simu. Mama aliniambia baadaye kwamba alikaa nje muda mrefu. Wiki mbili zikapita kimya. Juzi amenitumia ujumbe, hauna salamu, hauna kaka wala mdogo wangu. Unasema hivi tu: "Mfuko mmoja wa saruji, maji ndoo ngapi?"

Nimekaa na simu mkononi. Jibu la haraka ninalo, liko kwenye madaftari ya chuo. Lakini linategemea mchanga wake umelowa kiasi gani, na ndoo yake ni ya lita ngapi, na vijana wake watashindilia kwa nini. Haya huwezi kuyaona ukiwa Mwanza. Nimemwandikia anisubiri, naangalia basi la Ijumaa.